"Hutasikia Kitu": Ganzi, Mafuta na Deni la Kiswahili kwa Mgonjwa wa Namoruputh

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usemi huu hutumiwa kuonyesha kuwa maumivu ni mali ya yule anayeumwa, na kwamba mwingine, hata awe na huruma kiasi gani, hawezi kuyapima kwa niaba yake. Katika vyumba vya matibabu, hata hivyo, hekima hii husahauliwa upesi. Mgonjwa mwenye jipu au jino lililooza hudungwa sindano ya ganzi na kuambiwa, "Hutasikia kitu." Kisu au koleo linapogusa, hupiga ukelele. Hapo huonekana mwoga, mdekaji au msumbufu. Ni nadra sana kuambiwa ukweli, nao ni kwamba dawa ya ganzi ina tabia ya kushindwa mahali palipovimba na kuwaka, na kwamba sababu ya kushindwa huko imejulikana katika elimu ya kemia kwa miongo mingi.

Makala haya yanahusu kushindwa huko, juhudi za wanasayansi za kukurekebisha kwa kuifungia dawa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta, na wajibu wa wataalamu wa Kiswahili katika jambo hili. Hoja ya msingi ni moja: taaluma ya Kiswahili imejishughulisha mno na kuvipa vitu vya sayansi majina, ikasahau kueleza namna vitu hivyo vinavyofanya kazi. Mgonjwa haponi kwa jina. Hupata nafuu ya kwanza anapoelewa yanayomfika, na anapoaminiwa anaposema kwamba anaumia.

Kwa nini Namoruputh

Namoruputh ni makazi katika eneo la Loima, Kaunti ya Turkana, magharibi mwa mji wa Lodwar, kwenye njia ielekeayo Lokiriama na mpaka wa Uganda. Hapo ni mahali pa wafugaji, pa miiba ya migunga na joto kali. Mgonjwa akizidiwa, tegemeo lake ni hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Lodwar. Kaskazini-magharibi mwa Lodwar uko mji wa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Humo wanaishi Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha wao kwa wao na wenyeji wao Waturkana.

Eneo hili limechaguliwa kwa sababu linalijua suala la kisu na ganzi kuliko maeneo mengi ya nchi. Turkana ni miongoni mwa kaunti ambazo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, umekuwa tatizo kubwa la afya ya umma. Ugonjwa huo ukikaa miaka mingi hulikunja kope hadi nywele zake zikawa zinakwaruza mboni, na tiba yake ni upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho kabisa. Turkana pia imejulikana duniani kwa ugonjwa wa hidatidi, unaoenezwa na mbwa na kujenga vifuko vya maji kwenye ini na viungo vingine. Viwango vya ugonjwa huo vilivyopimwa huko katika karne ya 20 vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa ulimwenguni. Aidha, kuna maisetoma, ugonjwa unaoanzia kwenye kidonda kidogo cha mguu, mara nyingi cha mwiba, ukaula mguu polepole. Juu ya hayo yote kuna majipu, meno na vidonda vya kila siku, ambavyo havina mahali vinapokosekana.

Kwa hivyo, swali la jinsi ganzi inavyofanya kazi, na lini haifanyi kazi, si swali la anasa kwa mtu wa Namoruputh. Ni swali la siku yoyote ambayo mwiba utaingia mguuni.

Ganzi hushindwaje?

Historia ya ganzi ya kisasa ilianzia kwenye jicho. Mwaka 1884, Karl Koller, daktari kijana wa mjini Vienna, alionyesha kwamba matone ya kokeini yanaweza kuliondolea jicho maumivu likapasuliwa mgonjwa akiwa macho. Kokeini ilikuwa na hatari zake, na watafiti wakatafuta mbadala. Mwaka 1943, Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lignokeini, dawa ambayo leo hupatikana katika hospitali na vituo vingi vya afya, iwe Stockholm au Lodwar.

Ili kufahamu kazi ya dawa hii, msomaji na afikirie neva, yaani mshipa wa fahamu, kama boma lenye ua wa mafuta. Habari za maumivu husafiri kwenye neva kwa kufunguka na kufungwa kwa vilango vidogo vinavyopitisha chembe za sodiamu. Lignokeini kazi yake ni kuvifunga vilango hivyo. Kuna sharti moja tu: huvifunga kutokea ndani ya boma. Lazima kwanza ipenye ua.

Hapa ndipo kemia inapoingia. Lignokeini ikiwa mwilini huwa katika hali mbili. Sehemu yake moja haina chaji ya umeme, na hiyo hupenya utando wa mafuta kwa urahisi. Sehemu ya pili ina chaji, hushikamana na maji, na huukuta ua wa mafuta kama mgeni anavyoukuta mlango uliofungwa. Uwiano wa sehemu hizi mbili hutegemea kiasi cha asidi mahali pale. Katika tishu yenye afya, ambayo kipimo chake cha asidi, yaani pH, ni 7.4, takriban chembe 24 kati ya kila 100 za lignokeini huwa hazina chaji. Hizo zatosha. Zikisha kupenya, baadhi yake huchukua chaji tena huko ndani na kuvifunga vilango.

Tishu yenye jipu haiko hivyo. Seli za kinga na bakteria hutumia sukari na oksijeni kwa pupa na kuacha asidi nyuma yao. Kipimo kikishuka hadi 6.4, chembe zisizo na chaji hupungua kutoka 24 hadi takriban 3 kati ya 100. Dawa ni ile ile, mkono uliodunga ni ule ule, sindano imeingia panapostahili, lakini sehemu kubwa ya jeshi imebaki nje ya boma.

Isitoshe, asidi si adui pekee. Mahali palipowaka hupitiwa na damu nyingi, na damu hiyo huichukua dawa na kuipeleka mbali kabla haijamaliza kazi. Maji yaliyojaa kwenye uvimbe huizimua. Neva nazo, zikiisha kuchokozwa na kemikali za mwako, huwa nyepesi kupiga kelele kwa mguso ambao siku nyingine zisingeujali. Madaktari wa meno wanalijua jambo hili vyema: jino ambalo kiini chake kimewaka ni gumu kutia ganzi hata kwa fundi stadi.

Katika utendi wa Fumo Liyongo inasimuliwa kwamba shujaa huyo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba itiwayo kitovuni. Wanafunzi wa fasihi wamekisoma kisa hicho kama kisa cha usaliti, na ndivyo kilivyo. Lakini ndani yake mna pia maarifa ambayo mfamasia wa leo angeyakubali bila ubishi: nguvu ya sindano haiko katika sindano peke yake, imo pia katika mahali inapoingia.

Kuifunga dawa ndani ya mafuta

Ikiwa ua wa neva ni wa mafuta, na dawa hushindwa kwa sababu imevaa vazi la maji, je, haiwezekani kuivika mafuta tangu mwanzo? Swali hili ndilo lililozaa utafiti unaoendelea sasa. Mwingereza Alec Bangham na wenzake huko Cambridge walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba aina fulani za mafuta, zikitiwa katika maji, hujikunja zenyewe na kuwa vifuko vidogo vyenye utando unaofanana na wa seli. Vifuko hivyo huitwa liposomu. Tangu miaka ya 1990 wameongezeka ndugu zake: chembe za mafuta magumu, na nyingine za mafuta magumu yaliyochanganywa na ya majimaji, zote zikipimwa kwa nanomita. Karatasi ya kawaida ina unene wa nanomita zipatazo 100,000. Chembe inayozungumzwa hapa huweza kuwa na upana wa nanomita 100, kwa hivyo chembe 1,000 zikipangwa kwa mstari ndipo zitimize unene wa karatasi hiyo.

Matarajio ya watafiti ni manne. Kwanza, dawa iliyofungiwa ndani ya mafuta haikabiliwi mara moja na asidi ya nje. Pili, kifuko ni kikubwa kuliko chembe moja ya dawa, kwa hivyo damu haikichukui upesi, nacho huachilia dawa kidogo kidogo. Tatu, mafuta yanaweza kugusana na utando wa neva na kuikabidhi dawa karibu kabisa na mahali inapohitajika. Nne, yapo mafuta yanayobadilika yanapokutana na asidi, na hivyo asidi ile ile iliyokuwa kikwazo hugeuzwa kuwa ufunguo wa kukifungua kifuko.

Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ingali katika maabara na kwa wanyama. Bupivakeini, ndugu ya lignokeini, iliyofungwa katika liposomu iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 ili kutuliza maumivu baada ya upasuaji. Lengo lake lilikuwa kurefusha muda wa ganzi, wala si kuishinda asidi ya jipu. Hata katika lengo hilo, uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba faida yake juu ya bupivakeini ya kawaida ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Mtu asije akamwambia mama wa Loima kwamba muujiza umefika.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba teknolojia yenyewe ni hadithi ya ng'ambo. Turkana ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye ugonjwa wa kala-azar, unaoenezwa na usubi wa mchangani na ambao usipotibiwa huua karibu kila anayeupata. Tiba ya kawaida Afrika Mashariki imekuwa sindano za siku 17 mfululizo. Wagonjwa wasioiweza tiba hiyo, kama vile wajawazito, wenye virusi vya UKIMWI na waliozidiwa, hupewa amfoterisini B iliyofungwa ndani ya liposomu. Dawa hiyo ikiwa uchi huumiza sana figo. Ikivikwa mafuta, ukali huo hupungua. Na mwaka 2021, wakati wa janga la korona, Kenya ilipokea chanjo za Pfizer na Moderna, ambazo ujumbe wake wa kijenetiki hubebwa na chembe za mafuta za kiwango cha nano. Watu waliochanjwa kwa chanjo hizo walibeba mafuta hayo mkononi mwao. Ni wangapi walioelezwa hivyo kwa Kiswahili kinachoeleweka? Badala ya maelezo, walipata uvumi.

Neno bila maelezo

Swali hilo ndilo linaloirudisha mada hii nyumbani, katika idara za Kiswahili. Haiwezi kusemwa kwamba lugha hii ni maskini katika uwanja wa maumivu. Kidonda chenye chumvi huchonyota, jipu hupwita, kichwa huwanga, tumbo hunyonga, koo hukereketa, ubavu hushikwa na kichomi. Muuguzi anayezijua tofauti hizi anaweza kutambua mengi kabla ya kumgusa mgonjwa. Fasihi nayo haikukaa kimya: diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, ilitungwa gerezani, na kwa miaka mingi imewafunza wanafunzi kwamba mateso yana lugha yake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba waundaji wa istilahi walilala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo zastahili heshima. Tatizo ni kwamba zilichukuliwa kama mwisho wa safari, ilhali zilikuwa mwanzo wake.

Chukua neno "uvimbe". Katika mazungumzo ya hospitalini neno hili hubeba mzigo wa dhana nyingi: jipu, saratani, kifuko cha hidatidi, tezi na kifundo cha mguu kilichoteguka. Katika Turkana, ambako vifuko vya hidatidi vimewapeleka wengi kwenye meza ya upasuaji, mgonjwa akiambiwa "una uvimbe, ndiyo maana ganzi haishiki" anaweza kufahamu jambo tofauti kabisa na lililokusudiwa. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja dalili nne za hali inayozungumzwa hapa: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni mmoja tu kati ya ndugu wanne. Neno "mwako", ambalo baadhi ya wataalamu hulitumia, linafaa zaidi kwa kuwa linakusanya joto, wekundu na uchungu pamoja. Lakini hata "mwako" litabaki jina tupu ikiwa hakuna aliyekaa akaandika, kwa Kiswahili sanifu na chepesi, kwamba mahali penye mwako pana asidi, na kwamba asidi huifungia ganzi nje.

Mfano mwingine, ulio mzito zaidi, ni ile sentensi ya "hutasikia kitu". Kitenzi "kusikia" katika Kiswahili hakikomei kwenye sikio. Mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia mguso na husikia maumivu. Ganzi kwa kawaida hutangulia kuondoa maumivu, na hisia ya kuguswa au kuvutwa huweza kubaki. Kwa hivyo, hata ganzi inaposhika vizuri, sentensi hiyo si ya kweli: mgonjwa atasikia kitu, ila hatarajiwi kusikia uchungu. Ganzi isiposhika, sentensi hiyo hiyo humnyima ushahidi. Ameambiwa hatasikia. Akisema anasikia, ama anasema uongo ama ana kasoro. Lugha imemhukumu kabla ya kisu.

Hatari haiishii kwenye uchungu. Ganzi inaposhindwa, kishawishi ni kuongeza dozi. Lignokeini nyingi ikiingia katika damu huweza kuleta degedege na kuudhuru moyo. Dalili za awali huwa ni ulimi na midomo kufa ganzi, masikio kuvuma, ladha ya chuma mdomoni na kizunguzungu. Dalili hizi huonekana na mtu mmoja tu, naye ni mgonjwa. Mgonjwa aliyeambiwa anyamaze, au asiyejua kwamba mvumo wa masikio ni habari inayomhusu daktari, hatazitaja. Hapa neno si pambo la tiba, bali ni sehemu ya kipimo.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaopinga. Pingamizi la kwanza ni kwamba ni kichekesho kuzungumzia chembe za nano mahali ambapo hata bendeji huweza kukosekana. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa. Dawa za mafuta ni ghali, na huogopa joto. Liposomu za amfoterisini hutakiwa zihifadhiwe katika joto lisilozidi nyuzi 25, na bupivakeini ya liposomu huwekwa kwenye jokofu, ilhali Lodwar joto la mchana hufikia nyuzi 35 mara kwa mara. Teknolojia iliyobuniwa bila kuifikiria Namoruputh haitafika Namoruputh. Lakini hilo ndilo hasa linalotaka jamii ielewe, ili iweze kudai. Mtu hawezi kudai jokofu la dawa asiyojua kwamba ipo, wala kuuliza kwa nini utafiti wa tiba inayomfaa haufanywi kwa kuzingatia joto la kwao. Zaidi ya hayo, ufahamu wa asidi na ganzi hausubiri nano. Yapo mambo ambayo wauguzi na madaktari wanayajua tayari: kudunga ganzi mbali na jipu, kwenye shina la neva, badala ya kwenye mwako wenyewe, kusubiri dakika za kutosha, kuchanganya bikaboneti ili kupunguza ukali wa sindano yenyewe, kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu mapema. Mgonjwa anayejua sababu ataweza kuuliza kama mojawapo ya hatua hizi inawezekana.

Pingamizi la pili ni kwamba mgonjwa wa Namoruputh huzungumza Kiturkana, na kwamba Kiswahili kwake ni lugha ya ugenini kama Kiingereza. Ni kweli kwamba wazee wengi hawakijui vyema. Hata hivyo, inafaa kuitazama njia ambayo habari hupitia. Muuguzi amesomea Kiingereza. Anapomgeukia mgonjwa, au kijana anayemtafsiria, mara nyingi hushuka kwanza kwenye Kiswahili, kisha kijana huvusha hadi Kiturkana. Huko Kakuma, msururu huo unaweza kuishia kwenye Kisomali, Kidinka au Kiswahili cha Kivu, ambacho hakikulelewa na kamusi za Dar es Salaam. Kiswahili kikiwa daraja la katikati lililovunjika, kinachofika ng'ambo ni vipande. Dawa yake si kukiondoa Kiswahili njiani, ila ni kukikarabati, na kufanya kazi hiyo bega kwa bega na wazungumzaji wa Kiturkana wanaojua maumivu yanavyosemwa kwao.

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya taaluma yenyewe: kwamba hiyo ni kazi ya wanasayansi, na mwanafunzi wa fasihi na isimu ana yake ya kufanya. Jibu ni kwamba wanasayansi wanaweza kuthibitisha ukweli wa maelezo, lakini ufundi wa kueleza ni wa wenye lugha. Anayejua jinsi tamathali inavyobeba maana ndiye anayeweza kuamua kama neva ifananishwe na waya, mto au boma, na ndiye atakayeona mahali mfano unapopotosha. Mfano wa boma uliotumiwa hapa juu, kwa mathalani, una kasoro: unamfanya msikilizaji aione dawa kama mvamizi. Pengine mhunzi wa lugha aliyekulia Loima angepata ulio bora. Ni kazi ya uhakiki kwelikweli.

Kinachoweza kufanywa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazungumzia haki ya mgonjwa kupewa habari kuhusu matibabu yake. Haki hizi tatu hukutana mahali pamoja: kwenye sentensi anayoambiwa mgonjwa kabla ya sindano.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kuanza bila kungoja bajeti. Kila istilahi ya tiba inayojadiliwa katika makongamano na iambatanishwe na maelezo ya sentensi tano ambayo muuguzi anaweza kuyasema kwa sauti bila kujikwaa. Tasnifu za uzamili zisikomee kwenye kuhesabu istilahi zilizokopwa na zilizoundwa. Zichunguze pia kama istilahi hizo zinaeleweka zinapotamkwa kitandani pa mgonjwa. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kina tawi Lodwar, na tangu mwaka 2017 mji huo una chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanafunzi wa lugha na wanafunzi wa uuguzi wanaweza kukaa darasa moja kwa siku mbili wakaandika upya maelezo ya taratibu kumi za kawaida: kupasua jipu, kung'oa jino, kurekebisha kope, na nyinginezo. Maandishi hayo yapitiwe na madaktari, yapelekwe kwa wazungumzaji wa Kiturkana, yajaribiwe, yarekebishwe.

Sentensi ya kwanza ya kurekebishwa inajulikana. Badala ya "hutasikia kitu", mgonjwa na aambiwe: "Nitakudunga dawa ya ganzi. Mahali hapa pamewaka, na panapowaka dawa hii huwa dhaifu. Utasikia ninakugusa na kukuvuta. Hilo ni la kawaida. Ukisikia uchungu mkali, niambie, nami nitasimama. Masikio yakivuma au ulimi ukifa ganzi, niambie upesi."

Maneno hayo hayafiki hata 40. Hayahitaji jokofu, hayapimwi kwa nanomita, na hayasubiri kibali cha nchi yoyote. Chembe za mafuta zitakapofika Namoruputh, kama zitafika, zitahitaji nazo kuelezwa. Itakuwa aibu kwa taaluma nzima ikiwa siku hiyo dawa itaupenya ua wa neva, na Kiswahili kikabaki nje ya mlango wa zahanati.